Saini Ambayo Shangazi Hakuitoa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi na nusu jioni, mkuu wa Kitengo cha Kuta za Nje atafunga droo zake na kuondoka, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi watano. Wanne amewaaga yeye. Huyu wa tano ndiye anayemuaga. Ofisi nzima inamwita Shangazi, na hata wateja huandika hivyo juu ya bahasha. Jina lake halisi analijua karani wa mishahara na mume wake, na huyo mume mwenyewe sina hakika naye.

Niliagizwa niandike ukurasa mmoja wa kumsifu katika jarida letu la wafanyakazi, usomwe pia ukumbini siku ya sherehe. Niliambiwa niandike mambo mazuri tu, na nisiguse habari ya jengo la ghorofa kumi na sita. Ukurasa mmoja umenishinda. Hilo la pili nimelikataa, maana kumwandika Shangazi bila kulitaja jengo hilo ni kumwandika mtu mwingine.

Kwa hiyo nilitaje mapema, tusizungushane. Mezani kwa Shangazi kuna mchoro wa kuta za nje za jengo hilo, na umekaa pale tangu Januari. Ni jengo la maduka chini na ofisi juu, watu wapatao mia tisa watafanya kazi humo, na mwenye jengo anataka pande zote nne ziwe kioo kitupu kutoka chini hadi juu. Kwa utaratibu wa kampuni yetu, mchoro wa kuta za nje hautoki mlangoni bila saini ya mkuu wa kitengo. Shangazi amekataa kuutia saini. Siku hizi wakubwa hawabishani naye tena, wanahesabu tu siku zake zilizobaki. Atakayekalia kiti chake Jumatatu ndiye atakayepewa kalamu. Na atakayekikalia ni mimi.

Haya, sasa tuanze mwanzo.

Jina la Shangazi lilianzia mapokezi. Binti wa kaka yake aliajiriwa hapa kupokea simu, na siku yake ya kwanza, kwa woga wa kazi mpya, alibonyeza kitufe cha kipaza sauti cha jengo zima akatangaza kwamba Shangazi anahitajika mapokezi haraka, kuna mgeni wake. Ghorofa tano zilisikia. Kufika saa sita mchana, mkandarasi mmoja mwenye mvi kichwa kizima alikuwa ameshamwita Shangazi mara nne, na mkurugenzi wa wakati ule, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili, akamwandikia taarifa ya kikao kwa jina hilohilo. Yule binti alijifungia chooni akalia, akijua kazi imekwisha siku ya kwanza. Shangazi alimfuata, akamwambia afute machozi atoke, kwani tangu aajiriwe hajawahi kuona wanaume wa ofisi ile wakimwita mtu kwa adabu namna ile.

Yeye mwenyewe aliingia hapa akiwa mchora ramani, mwanamke peke yake katika chumba cha wanaume kumi na mmoja. Walimpa meza ya dirishani upande wa magharibi, ambayo kila mmoja alikuwa ameshaikimbia. Kuanzia saa nane mchana jua liliingia hadi magotini, karatasi zikajikunja, jasho likadondokea wino. Wenzake walimshauri anunue pazia zito. Yeye alichukua ubao wa kuchorea, akapanda juu ya stuli, akaufunga kwa kamba nje ya dirisha. Chumba kizima kilimcheka: jamani, nani kaona pazia linawekwa nje? Aliwaeleza taratibu kwamba jua likishavuka kioo limeshaingia ndani ya nyumba. Pazia linakuzuia usilione tu, lakini joto lake umo nalo humo humo. Jua huzuiwa kabla halijagusa kioo. Wiki iliyofuata stoo iliishiwa mbao za kuchorea, na mkurugenzi akatoa waraka mkali kuuliza ni kina nani wamezitundika nje ya madirisha ya kampuni.

Nieleze kidogo kwa wasomaji wa idara nyingine, hasa wale wa mabomba wanaotuita washona makoti ya majengo. Katika jengo kubwa la biashara, sehemu kubwa ya umeme huenda kwenye viyoyozi, na viyoyozi hivyo muda mwingi vinapigana na ukuta uliochorwa vibaya. Ukuta wa kaskazini na wa kusini jua huwa juu yake, kwa hiyo ukiuwekea vizingiti virefu vinavyochomoza juu ya madirisha unapata kivuli. Ukuta wa mashariki na wa magharibi jua huja limeinama, linakuangalia usoni. Pale ndipo unapotaka madirisha madogo, mabamba ya wima ya kukinga jua, au ukuta wa pili wa matofali yenye matundu uliosimama mbele ya ule wa kwanza, hewa ikipita katikati. Hakuna uchawi. Ni kujua tu jua liko wapi saa ngapi, na kutomwogopa mtu anayetaka usijue.

Namna yake ya kujua ilikuwa moja, na wote waliopita kitengoni kwake wameionja. Tuliiita siku ya kiti. Kabla ya kuchora mstari hata mmoja, unakwenda saiti na kiti chako, unakaa kutoka jua linapochomoza hadi linapozama, kipimajoto kimening'inia shingoni, na kila nusu saa unaandika kwenye daftari: jua liko wapi, upepo unatoka wapi, kivuli cha jengo la jirani kimefika wapi. Kusoma taarifa za hali ya hewa kwenye kompyuta kunaruhusiwa, lakini baadaye. Siku moja Shangazi alikaa hivyo kwenye kiwanja kitupu katikati ya mji, amejifunga kitambaa kichwani, na mpita njia mmoja akamwonea huruma, akamwachia mkate na maneno ya kumtia moyo kwamba asikate tamaa, maisha yatabadilika. Daftari la siku hiyo tunalo hadi leo. Limeandikwa: saa saba na robo, nyuzi thelathini na tatu, hakuna upepo, mkate mtamu.

Alikuwa pia na tabia ya kusoma majengo ya watu barabarani. Ukitembea naye mtaani usitegemee kufika. Anasimama katikati ya watu, anatazama juu, anahesabu madirisha yaliyobandikwa magazeti, maboksi na vipande vya shuka. Kwake yeye hayo ni malalamiko ya wafanyakazi ambao hawajaulizwa. Hakuwa na haja ya kuingia ndani wala kumhoji meneja. Alisema meneja kila mara yuko upande wenye kivuli.

Sasa nifike kwenye kosa lake, ambalo pia niliombwa niliruke. Shangazi mwenyewe hajawahi kuliruka. Kila mgeni wa kitengo husimuliwa wiki ya kwanza, na yeye ndiye msimulizi.

Alikuwa na miaka sita kazini. Lilijengwa jengo la ghorofa nane la kampuni ya bima, na yeye ndiye aliyepewa kuta za nje, kazi yake kubwa ya kwanza. Kiwanja kilikuwa kirefu chembamba. Ili mchoro uenee kwenye karatasi, mchora ramani mwenzake aliugeuza ukalala ubavu, jambo la kawaida kabisa. Ila mshale wa kaskazini hakuugeuza. Aliunakili kutoka karatasi ya zamani, nao ukabaki unaonyesha juu. Shangazi aliukagua mchoro, akaona mshale, akaona upande wa kushoto, akajua ule ndio magharibi. Akaupangia mabamba mazuri ya wima, marefu ghorofa nane, akatia saini. Jengo likajengwa kama lilivyochorwa. Mabamba yote yakasimama upande wa kusini, ambako jua halikuwa na shida na mtu, na upande wa magharibi ukabaki kioo uchi.

Hakuna aliyegundua. Kampuni ya bima iliona joto, ikadhani ndivyo ghorofa zilivyo, ikaongeza viyoyozi. Picha ya mabamba ilitoka kwenye kalenda yetu. Miezi saba baada ya uzinduzi Shangazi alipita barabara ile saa tisa alasiri, akiwa kwenye shughuli zake binafsi, akainua macho. Mabamba yake yalikuwa yamekaa kivulini hayana kazi. Upande wa magharibi alihesabu madirisha sitini na mawili yaliyobandikwa magazeti. Anasema alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akahesabu tena akitumaini amekosea. Yakawa yaleyale sitini na mawili.

Alirudi ofisini moja kwa moja na kumweleza mkurugenzi wa wakati ule. Mkurugenzi alifunga mlango. Akamwambia mteja ameridhika, kalenda imeshachapwa, na mtu mwenye akili zake hajipeleki mwenyewe polisi. Akamshauri aende nyumbani, alale, asahau. Shangazi alikwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi alipeleka kwa mkono, kwenye kampuni ya bima, barua ya sentensi nane. Ilisema: kosa limetokea, kosa ni langu, nililikagua na sikuliona, watu wenu wa upande wa magharibi wanateseka kwa sababu yangu, na hivi ndivyo litakavyorekebishwa. Akaambatanisha mchoro. Akatia saini kwa jina lake kamili, na nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho jina hilo kuonekana hadharani.

Mkurugenzi alitoa macho kama aliyeona mzuka. Lakini kumfukuza hakuweza, kwa sababu watu wa bima, baada ya kupiga kelele wiki nzima, walitaka mrekebishaji awe yeye na si mwingine. Basi mabamba yaling'olewa kusini yakahamishiwa magharibi, mengine yakatengenezwa upya. Joto la ofisi za upande ule saa tisa alasiri lilishuka kutoka nyuzi thelathini na nne hadi ishirini na saba, viyoyozi kumi na tisa kati ya arobaini vikazimwa na havikuwashwa tena. Magazeti yalianza kubanduliwa dirisha moja moja. Shangazi alikwenda kila Alhamisi kuyahesabu mpaka likabanduka la mwisho. Kisha mkurugenzi akampa adhabu yake: akamhamishia stoo ya ramani, chumba kisicho na dirisha chini ya ardhi, akawe mtunza makaratasi hadi atakapojifunza kufunga mdomo.

Alikaa humo miaka miwili. Mtu mwingine angeacha kazi, na nakiri mimi ningeacha mwezi wa kwanza. Yeye aliketi chini kwenye stoo ile akafungua ramani zote za kampuni, moja baada ya nyingine, akakagua kila mshale wa kaskazini. Alipata mingine minne iliyonakiliwa vibaya, majengo manne ambayo watu walikuwa wakiungua ndani yake bila kujua kwa nini. Aliandika orodha, akaipandisha juu ngazi kwa ngazi, akaisoma kwenye mkutano wa wafanyakazi wote kabla mtu hajamwambia akae. Mkurugenzi yule hakumaliza mwaka. Aliyekuja baada yake alimtoa chini, akamuundia kitengo, akampa watu watatu na chumba chenye madirisha.

Ndipo zikaja kanuni zetu mbili. Mshale wa kaskazini haunakiliwi kutoka karatasi yoyote. Unachorwa kwa mkono, saiti, na mtu aliyesimama palepale. Na pembeni ya mshale, mkuu wa kitengo anaweka saini, ili jengo likiwachoma watu, wajue pa kugonga mlango. Saini hiyo kwa Shangazi si urembo. Ni ahadi kwa watu ambao hajaonana nao.

Msidhani alikuwa mkali muda wote. Ofisini kwake tulicheka mpaka mbavu ziume. Alitania kila mtu, akaanza na nafsi yake. Yeye, bingwa wa kuzuia jua, ana dirisha kubwa la magharibi nyumbani kwake ambalo halina hata kipande cha ubao. Mume wake, fundi cherehani mstaafu, anapenda kutazama barabara kutokea sebuleni, na amemwambia wazi kwamba mabamba yake ayapeleke kwa wenye ghorofa. Alasiri mzee huyo hukaa sebuleni mwake na mwavuli amejifungulia kichwani. Nimeona kwa macho yangu, nimenyweshwa chai chini ya mwavuli huo, na yeyote anayesema natia chumvi akamtembelee. Shangazi anasema hiyo ndiyo kesi pekee aliyoshindwa, na kwamba anaikatia rufaa.

Majengo aliyoyachora au kuyasahihisha ni sabini na manne: hospitali mbili, benki, soko la ghorofa, vyuo, maghala, na ofisi nyingi ambazo watu wake hata hawajui kwamba kuna mtu aliyewafikiria. Mimi nimefanya kazi chini yake miaka kumi na tisa. Nilikuja hapa najua kompyuta na sijui jua linazamia wapi. Alinikalisha kwenye kiti saiti siku yangu ya tatu, na jioni nilipomletea daftari alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akaniambia nimeandika joto la kipimajoto lakini sijaandika hata mara moja mimi mwenyewe nilikuwa nahisije. Nikarudi kesho yake.

Sasa turudi kwenye lile jengo.

Shangazi alilichora mwaka jana, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Magharibi na mashariki ukuta wa pili wa matofali ya matundu, umesimama hatua moja mbele ya madirisha. Kaskazini na kusini vizingiti virefu vya kivuli. Mwanga wa kutosha kusoma bila taa mchana kutwa. Siku umeme ukikatika, unafungua dirisha na unaendelea na kazi. Mwenye jengo aliusifu mchoro. Kisha mwezi Desemba aliona mahali fulani picha ya mnara wa vioo unaometa, akarudi Januari na moyo umeshahama. Akataka kioo. Mkurugenzi wetu akasema hakuna tatizo. Mchoro mpya ukachorwa ghorofa ya juu, bila sisi, ukaletwa kwa Shangazi usainiwe tu.

Alifanya hesabu, na Februari akaomba kikao. Ombi lake lilikuwa dogo: kikao kifanyike saa tisa alasiri, katika chumba cha mikutano cha mwenye jengo mwenyewe, ambacho kina kioo upande wa magharibi, na kiyoyozi kizimwe dakika arobaini. Walikubali kwa kumstahi. Dakika ya kumi na tano mwenye jengo alivua koti. Dakika ya ishirini na tano mkurugenzi wetu alikuwa anajipepea kwa ajenda. Dakika ya thelathini na tatu waliomba kiyoyozi kiwashwe. Shangazi, aliyekuwa hajagusa hata leso, alisoma kipimajoto, nyuzi thelathini na tano na nusu, akauliza kama watu mia tisa nao watakuwa na mtu wa kumwomba awashe. Mwenye jengo alicheka, tena si kwa ubaya. Alisema kuna viyoyozi, kuna jenereta, na kioo ndiyo sura ya jengo. Shangazi alifunga daftari lake.

Kikao hichohicho ndicho kinachonikosesha raha hadi leo. Kabla hatujainuka, mkurugenzi alinigeukia mimi, mbele ya wote, akaniuliza kama kioo cha rangi nyeusi hakiwezi kumaliza matatizo yote hayo. Jibu nililijua. Kioo cheusi kinapunguza mwanga, wafanyakazi wanawasha taa mchana, na chenyewe kinapata moto hadi huwezi kukiegemea. Shangazi alinifundisha hilo miaka kumi na minane iliyopita. Lakini nina watoto mapacha wasiofikisha mwaka, mke ambaye hajarudi kazini, na cheo nilichokingoja miaka minane. Nikasema jambo hilo linaweza kuangaliwa.

Shangazi hakunitazama. Kesho yake asubuhi aliniletea chai mezani kama afanyavyo kila siku, sukari kijiko kimoja na nusu, akaniuliza mapacha wamelalaje. Hakusema neno kuhusu kikao. Hakusema Machi, hakusema Aprili, hakusema Mei. Miezi minne ameishi nami chumba kimoja akijua kwamba mchoro ule utanijia, na hajaniuliza hata kwa utani nitafanya nini. Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana unapata la kumjibu.

Jumatatu wiki hii niliitwa juu. Nilikabidhiwa barua ya kuteuliwa mkuu wa kitengo na nakala ya mchoro wa vioo, vimebanwa pamoja kwa pini moja. Mkurugenzi alinipongeza, akanishika bega, akasema anaamini kitengo sasa kitaacha kuishi zamani. Akaongeza kwamba hakuna haraka, Jumatatu ijayo inatosha, mama wa watu akishaondoka salama. Aliuona pia mswada wa makala haya, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: punguza makali. Nimetii. Kulikuwa na neno moja kwenye aya ya pili, nimelitoa.

Nilikaa na vile vitu viwili siku mbili. Nilijiambia kila ambacho mtu hujiambia. Kwamba nisiposaini mimi atasaini mwingine. Kwamba jengo moja si mwisho wa dunia. Kwamba nikishakuwa na cheo nitapigania majengo yajayo. Kila nilipomaliza maneno hayo nilijikuta nawahesabu watu mia tisa, na huwezi kuwahesabu watu mia tisa kwa muda mrefu bila kuanza kuwaona. Yupo mmoja atakayepewa meza ya dirishani upande wa magharibi kwa sababu ni mgeni na hana wa kumtetea. Huyo ndiye aliyenishinda.

Basi na iandikwe hapa, kwenye jarida, mahali ambapo haiwezi kuingizwa droo. Jana saa nne asubuhi nilibandua ile pini. Barua ya uteuzi nimeisaini. Mchoro wa vioo nimeurudisha juu bila saini, na hesabu za Shangazi nimeziambatanisha, ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na moja. Badala yake nimechukua mchoro wake wa mwaka jana, wa matofali ya matundu. Pembeni ya mshale wa kaskazini nimetia saini yangu. Nilipoinua kichwa, wenzangu watano wa kitengo walikuwa wamesimama nyuma yangu wamepanga foleni, na sikuwaita. Kanuni inataka saini moja. Mchoro ule una sita. Anayetaka kitengo kisaini vioo atalazimika kutafuta kitengo kingine, na litakalofuata tutalipokea tukiwa macho.

Shangazi, haya unayasikia sasa hivi ukumbini, pamoja na kila mtu, pamoja na mkurugenzi aliyekaa kulia kwako. Mwezi Februari nilikuaibisha mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu. Ahsante kwa miaka yako thelathini na mmoja. Ahsante kwa sabini na manne. Ahsante zaidi kwa kutoniuliza, kwa sababu ungeniuliza ningefanya kwa ajili yako, na lingekuwa deni lako. Sasa nimefanya kwa akili yangu, na lawama ni zangu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za kukaa na mzee wako bila mtu wa kukupigia simu. Usitazame nyuma ukitoka. Kitengo kina wenyewe.